Elfu Mbili Kasoro

Benchi la Maimunah liko Old Kampala, chini kidogo ya msikiti, na kahawa yake huwakusanya wasio na haraka. Siku hiyo alikaa Uthman, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye wenzake walimbandika jina Elfu Mbili Kasoro. Pointi zake za sataranji kwenye simu zilifika elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Kwa pointi hizo alichaguliwa kuuwakilisha mtaa kwenye mashindano ya bodi, ana kwa ana. Alicheza mara tano, akapigwa mara tano, moja na mama mjamzito aliyekuwa akila chapati.

— Banange, jamani, Elfu Mbili, pointi zote zile zilienda wapi? aliuliza Wamalwa, fundi wa friji.

— Bodi ya mbao si sawa na simu.

— Ni mnara huo! Hapa mnara wa simu uko karibu, pointi zinapanda zenyewe. Kule ukumbini hakuna mnara.

— Mnara gani, ssebo? Yasiin, polisi mstaafu, aligonga kikombe. Kwenye simu anacheza na Wazungu. Kwao ni usiku. Unampiga mtu anayesinzia, halafu unasema una akili?

— Na wale ambao kwao ni mchana? aliuliza Wamalwa.

— Hao hawapo! Ni kompyuta tupu. Imeagizwa ikubembeleze usije ukaichoka.

Wakacheka. Uthman naye akacheka, lakini moyo ulimuuma, maana sababu aliijua. Omolo, msaidizi wake dukani, alikuwa na simu ya vibonye tu. Kila adhuhuri Uthman alipopanda msikitini alimwachia duka na simu, isije ikalia kwenye swala. Omolo akawa anacheza. Pointi alizopoteza Uthman jioni, Omolo alizirudisha mchana, na nyingine juu yake. Mwanzoni, akisifiwa pointi, Uthman alisema, "Huyo ni Omolo." Baadaye akaacha kusema. Siku ya kuchagua timu kila mtu aliulizwa pointi zake. Omolo alimtazama tajiri wake, akangoja. Uthman akatoa simu, akaonyesha. Wiki hiyohiyo Omolo alirudi kwao Kisumu, na Uthman hakumpigia hata mara moja.

Dada mmoja akasimama mbele ya benchi.

— Habari zenu. Mimi Awiti, dada yake Omolo. Amenituma nichukue bodi yake ya sataranji.

Maimunah akaitoa chini ya benchi, alikoiacha Omolo, akaipangusa vumbi kwa kanga.

— Bado anacheza? aliuliza Uthman.

— Anataka kufundisha kwenye shule moja huko. Mwalimu mkuu amemuuliza ana pointi ngapi. Yeye akasema niulize hapa, Uthman anajua.

— Uthman ni mimi.

— Ee. Omolo alikuwa na pointi ngapi?

Wamalwa alimtazama Yasiin. Yasiin alitazama kikombe. Uthman alikuwa na namba ile mkononi, kwenye simu, lakini kuitaja mbele ya hawa wawili kulimshinda.

— Basi, alisema Awiti, akaibana bodi kwapani. Nitamwambia hamkumbuki.

Akashuka zake kilima. Adhana ya adhuhuri ikaanza. Uthman akasimama na kwa mazoea akanyoosha mkono wenye simu, na hapakuwa na wa kuipokea.