Pandu bin Machano, Mwenye Hadithi za Kima Punju

Bismillahi. Mliofika hapa Mpendae, tumsome Pandu kabla hatujamnyanyua.

Marehemu Pandu bin Machano alizaliwa Bwejuu tarehe 3 Machi 1936, mtoto wa kwanza wa Mzee Machano Ame na Bi Time binti Mmanga. Alisoma chuo cha Kurani hapo hapo kijijini, kisha skuli ya Makunduchi, na mwaka 1950 akaletwa mjini kwa mjomba wake, Malindi, kumalizia masomo. Mwalimu alimkaripia kwa kuwasemesha wanyama katika insha ya usafi wa nyumba. Hakuacha.

Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, aliingia kitengo kilichokuwa kikitengeneza filamu za mafunzo za gari la sinema lililozunguka mashamba. Mjerumani mmoja akawafundisha katuni: picha inachorwa, inapigwa, inachorwa nyingine imesogea kidogo, mpaka mnyama anatembea. Bwana Msabah akachora, Pandu akatunga. Yeye ndiye aliyemtoa Kima Punju msitu wa Jozani, yule kima mwekundu mla makaa, akampa ulimi. Toka Chwaka mpaka Nungwi watoto walimjua Kima Punju. Pandu hawakumjua, kwa sababu kila filamu ilifunguka kwa kibao kilichoandikwa: Hadithi ya Shamsi Muhiddin.

Shamsi alikuwa mkuu wa kitengo. Katika hadithi zile hakuandika hata neno.

Kazi yao ilikwenda hivi: kibao kilipigwa picha mwanzo, kabla ya yote, na filamu ikishapigwa haikatwi, maana ilikuwa adimu. Basi Shamsi alikuja siku ya kwanza, akaangalia jina lake linavyopigwa, akaondoka zake. Hadithi yenyewe hakuisoma. Pandu alipolalamika alijibiwa mbele ya wenzake wote, "Wewe kibarua wa maneno. Umeona wapi kibarua akaandika jina lake ukutani?" Watu wakacheka. Pandu hakucheka, wala hakusahau waliocheka.

Mwaka 1966 alimuoa Mwanapili binti Shaame. Miezi ya mwanzo mama mkwe alikuja kuwatazama, akamkuta Pandu anaruka uani kwa miguu na mikono, akipima mwendo wa kima amwelekeze mchoraji. Akamvuta binti yake pembeni. "Mwanangu, huyu alikuwa hivi toka zamani, au kageukia humu humu ndani?" Mwanapili akamwambia asiwe na hofu, hiyo ndiyo kazi inayowalisha.

Televisheni ilipokuja, kitengo kikatakiwa kitoe katuni ya kuoneshwa humo. Pandu alikuwa kesha acha kulalamika. Aliandika hadithi ya Kaa aliyekaa mlangoni pa shimo, kila anachochuma Kima anakila yeye, kisha anatoka nje kujisifia mavuno. Msabah akamvisha Kaa kofia ya upande, akampa leso ya kupangusia pua na mwendo wa kuutupa mguu wa kulia. Shamsi akaja, akatazama kibao chake kinavyopigwa, akaridhika, akaondoka.

Siku ilipooneshwa, watu waliojaa mbele ya televisheni za mitaani walimtambua Shamsi kabla Kaa hajafungua mdomo. Kesho yake Darajani watoto wakamwandama nyuma, kila mmoja anatupa mguu. Naye Shamsi pa kushtaki hana. Akisema katukanwa, aeleze kwa nini kajitukana mwenyewe. Akisema hadithi si yake, aseme na zile nyingine zote za nani. Mwanapili anasema mumewe alikula vizuri wiki ile, naye tayari alikuwa mgonjwa.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka 1972, na Januari mwaka huu akalazwa. Shamsi alikwenda hospitali na kikapu cha machungwa, akaketi, akasema, "Bwana Pandu, nnakuomba radhi."

"Ulinikosea mbele ya watu, Shamsi. Humu ndani mna mimi na mke wangu tu."

"Nnakuomba hivyo hivyo, ndugu yangu."

"Radhi yako ipo. Ipo nje, kwa watu. Kawaambie hadithi ni za nani, ndiyo umeshaipata."

Shamsi akaaga. Machungwa waligaiwa wagonjwa wengine.

Pandu alifariki alfajiri ya leo, Ijumaa tarehe 15 Februari 1974, akikaribia miaka thelathini na minane. Ameacha mama yake, Bi Time. Mjane wake, Mwanapili. Watoto wawili, Wanu na Mize. Na mdogo wake Ame, wa duka la Darajani, aliyeachiwa wasia wa kuyasoma haya yote bila kupunguza.

Sasa ni wakati wa radhi, kama ilivyo ada kabla jeneza halijanyanyuliwa. Aliyekosewa na Pandu, familia inamuomba amsamehe. Naye Pandu waliomkosea amewasamehe wote, ila mmoja, naye yupo, kakaa kaegemea nguzo ya pili ya baraza, kofia upande. Sharti ni lile lile la hospitali, halikupanda wala halikushuka: asimame, aseme hadithi ni za nani. Hatumcheleweshi maiti kwa ajili ya uzito wa miguu ya mtu. Tutasoma Fatiha moja. Akisimama kabla haijesha, radhi anayo, na kaipata kwa rahisi. Ikisha naye kakaa, tunanyanyua, na radhi yake akaifuate huko huko anakokwenda Pandu.

Mola ampe Pandu mapumziko ya amani. Al-Fatiha.