Mwalimu Marita Ithungu na Darasa Alilonyang'anywa

Na Benoît Syahuka, mwalimu wa darasa la nne, Bwera

Baada ya miaka ishirini na miwili ya ualimu, Mwalimu Marita Ithungu anastaafu tarehe 30 Novemba 1978. Miaka kumi na miwili ya kwanza alifundisha watoto kusoma. Kumi iliyobaki alifundisha kushona vifungo. Wenzangu wamenipa kazi ya kueleza ilikuwaje, nami sitapamba.

Alianzia Bulembia, kwa watoto wa wachimba shaba. Huko alimkuta Lokwang, mtoto asiyeweza kutulia kwenye dawati. Walimu waliotangulia walimfunga kwa mkanda. Marita alimwacha asome akitembea, kitabu mkononi, kutoka mlangoni hadi dirishani, na wenzake wakazoea kukwepesha miguu. Leo Lokwang ni karani hapo Kasese, na wanaofanya naye kazi wanasema bado husoma akizunguka chumba.

Mwaka 1966 alihamishiwa kwetu Bwera, akapewa darasa la kwanza. Wakimbizi kutoka Beni na Butembo, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, walikuwa wengi, na watoto wao walijaa madarasani pamoja na wetu. Vitabu vilikuwa vya Kitooro, amri zilitolewa kwa Kiingereza, na majumbani watu walisema Lhukonzo au Kinande. Mtoto asiyeelewa alihesabiwa mjinga, basi.

Mmoja wao alikuwa Sophie, binti wa Emérance, mwuza mawese kutoka Butembo. Mwaka 1968 aliletwa kwa Marita kurudia darasa la kwanza, akitoka mkondo wa mwalimu mwingine. Mbele ya ubao alikauka. Huko alikotoka, akichapwa alikauka zaidi. Marita hakumchapa. Alimtazama kwanza. Alimwona kanisani akiimba wimbo mzima aliousikia mara moja tu, na uwanjani akisuka mkeka bila kuangalia vidole vyake. Ndipo akajua mtoto huyu hujifunza kwa masikio na mikono. Herufi akazitia katika wimbo, kisha akamwambia azifinyange kwa udongo, macho ameyafumba. Wengine nao wakataka. Darasa zima likashuka sakafuni. Kufikia muhula wa tatu, Sophie alikuwa akisoma.

Muhula huohuo alikuja mkaguzi. Aliwakuta watoto wana matope hadi viwikoni na mwalimu wao kapiga magoti kati yao, akieleza kwa Lhukonzo. Hakumwambia mtoto hata mmoja asome. Alipoondoka, mwalimu mkuu wa siku zile, Bwana Masereka, alimwita Marita ofisini. Mlango ulikuwa wazi, tukasikia sote.

"Hapa ni shule, madamu. Kama unataka kufinyanga chungu, rudi nyumbani."

"Wanasoma, Bwana. Waulize wenyewe."

"Mimi nimeulizwa na mkaguzi. Kuanzia kesho wewe ni wa kushona."

Watoto walirudishwa kwenye mistari na kwenye fimbo. Sophie alivumilia kidogo, kisha akaacha kuja. Marita alikwenda kwao kumwomba mama yake amrudishe shuleni.

"Mwalimu, huyu mutoto hapa nyumbani haiko mujinga," Emérance alimwambia kwa Kiswahili cha kwao. "Ni kule kwenu njo anakuwa mujinga. Namurudisha juu ya nini?"

Marita alirudi kwenye darasa lake la kushona. Mwaka uliofuata mama na binti walivuka mpaka kurudi kwao, na hatujui kama Sophie aliendelea kusoma.

Wenzake wa sakafuni walifika darasa la saba mwaka 1974, wakafaulu kuliko darasa lolote tulilowahi kuwa nalo. Bwana Masereka alipongezwa, akapandishwa cheo, akahamia Kasese mjini. Katika hotuba za kumuaga jina la Marita halikutajwa. Kitambaa cha meza kuu siku hiyo alikuwa amekishona yeye.

Kila alipokuja mwalimu mkuu mpya, Marita aliomba arudishiwe darasa la kwanza, na kila mmoja alimwambia angoje. Mwezi uliopita kamati ya shule ilimwuliza angependa zawadi gani. Akaomba wiki moja tu na wale wadogo. Kamati ilijibu kwamba ratiba imekwisha kupangwa. Atapewa blanketi.

Sasa anakwenda kulima Karusandara. Mwalimu, tunakushukuru kwa niaba ya watoto uliowafundisha, na kwa niaba ya wale uliozuiwa kuwafundisha. Mahindi yako yastawi, magoti yako yapumzike, na asitokee tena mtu wa kuipangia mikono yako kazi. Ishi kwa amani huko uendako. Darasa la kwanza mwaka huu wako themanini, wamekaa sawasawa kwenye mistari, na wakiulizwa kitu, wananyamaza.