Machogu Ombui na Kipande Chake Kilichobaki Kwenye Kioo

Mfikirieni akiingia. Ni saa kumi na moja jioni, ng'ombe wanarudishwa, na Machogu Ombui anateremka njia ya Marani, mfuko wa ngozi kwapani. Kabla hajafika langoni, harufu yake imeshafika: formalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama ya watu, inayowasha macho na kukwama kooni. Watoto wanabana pua. Mama mmoja anafunika sufuria ya mboga za chinsaga. Yeye anacheka: "Msiogope, leo sikuja na mtu." Na waliokunja uso wanazidi kuukunja.

Tuseme kweli mbele ya jeneza lake, ndugu zangu. Tulimwonea kinyaa. Na tangu Jumanne tumekuwa tukibishania kioo kidogo, upana wa vidole viwili, ambacho sasa hivi kimo mkononi mwa mjane wake, Bosibori. Kioo hicho kina kipande cha mwili wa marehemu. Wengine wanasema kizikwe naye, wengine wanasema kirudi hospitalini. Basi sikilizeni maisha yake kwanza.

Marehemu alizaliwa hapa Marani tarehe 12 Aprili 1931, mwaka wa nzige, mtoto wa pili wa mzee Ombui na mama Nyamoita. Kaka yake ni Thadeus, aliyesimama pale kichwani pa kaburi.

Alianza masomo katika shule ya misheni mwaka 1940, akamaliza darasa la nane mwaka 1949. Akiwa darasa la nne, mwalimu alisikia uvundo darasani, akapekua madawati, akakuta jicho la mbuzi mfukoni mwa Machogu, limefungwa kwa karatasi ya daftari la hesabu, lina siku tatu. Alichapwa viboko sita. Alipoulizwa alilitakia nini, alijibu, "Nilitaka kuona linaonaje." Mwalimu akaenda nje kutema mate.

Mwaka 1951 aliajiriwa kufagia katika hospitali moja mjini Kisii. Alifagia miaka minane, macho yakiwa kwenye maabara, mpaka wakubwa wakachoka kumfukuza wakampeleka Nairobi kusomea kazi ya maabara. Alirudi Desemba 1961 akiwa fundi wa tishu. Daktari akikata uvimbe, Machogu aliuloweka katika formalini usioze, akautoa maji kwa spiriti, akaugandisha ndani ya nta, kisha akaukata kwa kisu alichokinoa mwenyewe kwenye mkanda wa ngozi, hadi apate utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Aliutandaza juu ya kioo, akautia rangi mbili, zambarau na waridi, akauweka chini ya hadubini. Hapo mtu aliyekuwa akinuka kwetu alikuwa akisoma. Alituambia seli za ngozi zimepangwa kama matofali, za juu zimekwisha kufa ili za chini ziishi. Nyama ya mguu ina milia kwa sababu inavuta. Mafuta ni vyumba vitupu kama sega lililokamuliwa. Mfupa ni duara ndani ya duara, na katikati unapita mshipa wa damu.

Tatizo ni kwamba hakujua wakati wa kunyamaza. Kwenye harusi moja kule Nyacheki, mwaka 1968, aliinua kipande cha matumbo juu ya sahani ya ugali wa wimbi, akakionyesha meza nzima.

"Mnaona haya manyoya kama ya taulo? Hata utumbo wako, Thadeus, una vidole hivi, vidogo vidogo, maelfu. Ndivyo vinavyonyonya chakula kikiwa kimeshakuwa kama matapishi."

"Machogu, tumekuja kula au kupasuliwa?"

"Kula tu, kaka. Vidole vinakungoja."

Watu saba waliacha sahani zao. Bibi arusi alikuwa mmoja wao.

Alifunga ndoa na Bosibori kanisani tarehe 18 Agosti 1956, wakajaliwa watoto watatu. Bosibori ametuomba tusimpambe yeye mwenyewe, kwa hiyo hatumpambi. Mume wake aliporudi kutoka Nairobi na kazi ile, Bosibori alimtengea sahani yake, kikombe chake na beseni lake. Alilala ameupa mgongo ule mkono uliokata watu. Alisema jana, mbele ya wanawake waliokuja kukesha, "Nilimpenda mtu, nikachukia vidole vyake. Miaka kumi na minne."

Septemba 1975 marehemu alipapasa uvimbe chini ya sikio lake la kushoto. Ijumaa tarehe 13 Februari 1976 daktari mpasuaji alikata kipande. Hospitali nzima hakukuwa na mwingine wa kukitengeneza ila Machogu mwenyewe. Kufuli la maabara lilikuwa limeharibika, na mara mbili mfagiaji alishamwaga chupa za watu chooni kwa kinyaa. Kwa hiyo akakitia kipande chake katika chupa ya dawa, akaja nacho nyumbani, akakificha kabatini hadi Jumatatu.

Jumamosi, yeye akiwa mjini, mama Nyamoita alifungua kabati akitafuta chumvi.

"Bosibori! Hii ni nini inaelea?"

"Ni yeye, mama."

"Yeye nani?"

"Mwanao. Wamemkata shingoni."

Mama alikaa chini. Katika desturi yetu kiungo cha mtu hakiwekwi kwenye chupa karibu na chumvi. Kikitoka mwilini kinarudi udongoni, maana mchawi akikipata amempata mtu. Wale wawili walimwaga dawa kabla haijakikolea, Bosibori akigeuza uso na kuziba pua kwa kanga. Wakakifunga kwa jani la mgomba, wakakizika upande wa kulia wa nyumba, pale mwanamume wa Kigusii anapozikwa. Walifanya kwa mapenzi. Tulijua sote, tukasema wamefanya vyema.

Jumapili baada ya misa marehemu alikifukua kwa mikono. Siafu walikuwa wamekitangulia. Kilikuwa cheusi, chenye utelezi, na harufu yake ilimfukuza hata mbwa wa jirani. Alikichukua vilevile. Jumatano akakitazama chini ya hadubini. Hakukuwa na mpaka wa seli hata moja, ni uji tu. Naye daktari mpasuaji alikwisha kwenda likizo kwao Ulaya mpaka Mei.

Miezi mitatu marehemu alisubiri, uvimbe nao haukusubiri. Kipande cha pili kilikatwa tarehe 21 Mei, na tarehe 26 alikikata kwenye nta, akakitia rangi, akakisoma mwenyewe. Kisha akamwita Bosibori, akamketisha mbele ya hadubini kwa mara ya kwanza katika ndoa yao.

"Tazama. Hizi za pembeni zimekaa kwenye mistari, kama majani chai yaliyopandwa na mtu mwenye akili. Sasa njoo huku katikati."

"Huku zimevurugika."

"Hazina mpaka. Zimeng'oa ua, zinaingia shamba la jirani."

"Baba Walter, hii ni nyama yako?"

"Ni yangu."

Bosibori aliinuka akatapika kwenye sinki ya maabara. Alipomaliza kujifuta aliuliza, "Ile tuliyozika, ingekuambia haya mwezi wa pili?"

"Ingeniambia."

Marehemu hakumlaumu, siku hiyo wala baadaye. Alikiandika kioo kile jina lake, akakitumia kuwafundisha wanafunzi wake wa maabara kwa mwaka mmoja na nusu. Mwanafunzi mmoja, kwa kukikumbuka, alitambua ugonjwa huohuo mapema kwa mama wa hapahapa Marani. Mama huyo alikatwa uvimbe, naye yuko kati yetu leo, na skafu shingoni. Wiki ya mwisho, donda likiwa limepasuka na sisi jamaa tukimwamkia kutoka mlangoni, Bosibori aliliosha kwa mikono mitupu. Marehemu akamwambia, "Kioo changu kibaki pale. Msikizike." Alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 6 Novemba 1977, alfajiri.

Ameacha mama yake Nyamoita, mjane wake Bosibori, kaka yake Thadeus, na watoto Kwamboka, Walter na Mong'ina. Mungu ampe usingizi usio na maumivu.

Jumanne Thadeus alikwenda hospitalini akakidai kioo, akapewa. Anasema ndugu yake hatashuka kaburini akiwa amepungua, akarudi kuwasumbua watoto. Mama Nyamoita analia, anasema hivyohivyo. Mwalimu wa maabara ya hospitali amekuja, amesimama kwa adabu kule nyuma, anangoja kukirudisha. Asubuhi hii Bosibori alikiomba kioo akishike, na bado hajakirudisha. Kaburi liko wazi, upande wa kulia wa nyumba. Sasa, ndugu zangu, marehemu akisema kibaki, na ukoo ukisema kizikwe, mjane amsikilize nani?