Herman Akonaay na Miaka Tisa ya Benchi

Baba Paroko, ndugu zetu mliotoka Endagikot tangu alfajiri, majirani wa Balangdalalu na wageni wetu wa Getanuwas na Katesh, haya tunayowasomea ni maisha ya mpendwa wetu Herman Akonaay Bura, aliyoyasimulia mwenyewe akiwa mgonjwa na binti yake Hilda akayaandika. Jana jioni wazee wa ukoo waliomba sehemu moja iondolewe na badala yake isomwe kwamba katika miaka hiyo marehemu alikuwa mshauri wa kilimo, lakini mjane wake, Mama Lucia, amekataa, kwa hiyo itasomwa ilivyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1944 katika kijiji cha Endagikot, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Akonaay Bura na Mama Natalia, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1960, na wote waliosoma naye wanakubali kwamba kwa hesabu hakuwa na mwenzake. Mwaka 1965 alihudhuria kozi ya ushirika mjini Moshi, akaajiriwa kuwa karani wa mazao, na tarehe 1 Machi 1972 akahamishiwa kwenye ghala la hapa Balangdalalu, ambako kwa miaka ishirini na mmoja alipima ngano na mahindi ya wakulima bila kulalamikiwa hata mara moja. Tarehe 27 Desemba 1969 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Lucia Margwe, nao wakajaliwa watoto wawili, Evarist na Hilda.

Tarehe 30 Juni 1993, wafanyabiashara binafsi wakiwa wamesharuhusiwa kununua mazao mashambani, ghala lilifungwa, na makarani watatu waliokuwepo, yaani marehemu, marehemu Tadei, na Mzee Hhando, waliambiwa wasubiri barua ya kupangiwa kazi nyingine. Kesho yake asubuhi marehemu alivaa koti lake la kazini, akatia funguo za ghala mfukoni, akaenda kukaa kwenye benchi lililokuwa chini ya upenu wa ghala, akawakuta wenzake wamekwisha kukaa, na hapo ndipo inapoanza ile sehemu ambayo ukoo haukutaka isomwe, kwa sababu walikaa miaka tisa.

Marehemu alisisitiza isielezwe kwa upole. Walikuwa watu wazima watatu, wenye afya, macho mazima na mashamba yaliyoota magugu, nao walikaa kuanzia saa mbili hadi saa kumi wakimtazama kila apitaye na jembe kana kwamba amekosa elimu, wakijadili nani atakuwa waziri, wakipiga miayo, na saa sita wakila chakula kilichopelekwa na wake zao waliotoka kulima. Mtu akiwauliza hali walijibu kwamba wapo kazini. Mwaka 1994 mfanyabiashara wa Katesh, ndugu Hamis, ambaye leo yupo nasi, alisimamisha lori lake mbele yao, akawaamkia shikamoo, akamwomba marehemu awe mpimaji wake kwa kuwa alijua kutambua ngano mbovu kwa kuishika tu, naye akajibiwa kwamba mtumishi hawezi kuwa chini ya mchuuzi. Hamis aliaga kwa adabu na kuondoka, na wale watatu walicheka jambo hilo kwa wiki nzima, kwa kuwa hawakuwa na jambo jingine.

Mwezi Januari 1998, wakati wa mvua za Elinino, ukuta wa nyuma wa nyumba hii ulianza kupasuka asubuhi, Hilda akatumwa kumwita baba yake, naye akasema anakuja, kisha akabaki amalizie mazungumzo. Ukuta ulianguka saa nane mchana. Mama Lucia na Hilda waliwatoa kwa mikono mbuzi waliofukiwa, wawili wakiwa wamekufa, na Mama Lucia alivunjika kidole ambacho hadi leo hakikunjiki. Marehemu alirudi saa kumi na moja, koti lake halina hata tone la tope, akasimama kwenye kifusi. Mama Lucia hakumtukana, alimuuliza tu:

"Baba Evarist, barua imefika?"

Kesho yake alirudi kwenye benchi. Alipokuwa anasimulia haya kitandani, alimwambia Hilda aandike kwamba huyo mtu aliyerudi kwenye benchi siku hiyo yeye hamheshimu, na asije mtu yeyote msibani akamheshimu kwa niaba yake.

Mwaka 2002 ulipotangazwa mkoa mpya wa Manyara, benchi lilipata uhai, kwa sababu walikubaliana kwamba mkoa mpya lazima uje na ofisi mpya, na ofisi mpya lazima ziandike barua. Tarehe 5 Desemba 2002 marehemu alifika akiwa na habari hizo, akamkuta Tadei ameegemea ukuta, kofia imeshuka usoni, akakaa kando yake na kuanza kumweleza ni idara gani zitakazohitaji makarani, akaeleza kwa muda wa saa nzima, akamuuliza maoni yake, akajijibu mwenyewe, akaendelea. Mzee Hhando alipochelewa kufika na kumgusa Tadei bega ili asogee, Tadei alianguka kiubavu, mwili wake umekwisha kupoa.

Marehemu alisema kilichomtisha si kifo, maana alishazika wengi, bali ni kwamba alikaa na maiti kwa saa nzima na mazungumzo yao hayakupungua chochote. Walipomaliza kumzika Tadei alirudi nyumbani, akavua koti, akamkuta Mama Lucia anapepeta maharage, akamuuliza kuna kazi gani.

"Zote," alisema Mama Lucia, bila kuinua macho.

Alianza na ukuta, ambao kwa miaka karibu mitano ulikuwa umezibwa kwa turubai, akafyatua tofali mwenyewe akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, mikono ikatoka malengelenge kama ya mwanafunzi. Mwaka 2003 alikwenda Katesh kwa miguu kumwomba Hamis kazi ile, akaambiwa kwa heshima kwamba ilishapata mtu tangu mwaka 1994, akasema ni haki. Ndipo akaanza kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo, akawa anakwenda kila mnada na jiwe la mizani la kilo ishirini, anaomba liwekwe kwenye mizani ya kila mnunuzi mbele ya wakulima, na anawafundisha akina mama wa Balangdalalu na Getanuwas kusoma mshale wa mizani wao wenyewe. Wanunuzi wengine walimfukuza, mmoja alimrushia gunia, lakini Hamis alikuwa wa kwanza kuliruhusu lile jiwe, na baada yake ikawa aibu kulikataa. Mzee Hhando alialikwa kusaidia mara nyingi, naye amekuwa akisema anasubiri kwanza aone mkoa utafanya nini, na bado anasubiri, na marehemu aliagiza tulisome hili Mzee Hhando akiwa anasikia.

Mwezi Agosti 2005 alianza kuumwa tumbo, na hospitalini akakutwa na saratani ya ini. Alimuuliza daktari imebaki miezi mingapi, akaambiwa labda minne, akauliza tena kama katika hiyo minne ataweza kutembea miwili, kisha akarudi na kuanza kumfundisha Hilda kazi ya jiwe, akipelekwa mnadani kwa mkokoteni wa punda. Waliokuja kumpa pole waliulizwa kwanza nyumbani wameacha nini bila kufanywa, na aliyeleta maneno mengi alisogezewa mahindi apukuchue. Alifariki hapa nyumbani tarehe 26 Februari 2006, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, baada ya kumwambia Mama Lucia maneno haya:

"Ulilima na sehemu yangu pia. Nisamehe."

Mama Lucia anasema alimsamehe, ingawa si siku hiyohiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli, Baba Paroko, majirani waliomgeuza kitandani, ndugu Hamis aliyetoa lori la kuwaleta ndugu zetu wa Mbulu, na akina mama wa Getanuwas waliofika na kuni bila kuombwa. Marehemu aliagiza pia kwamba msiba huu usilale siku ya pili, maana mahindi yanangoja palizi na mvua haitamsubiri mtu aliyekwisha kufa, kwa hiyo baada ya kuzika kutakuwa na chakula, na baada ya chakula tunaomba kila mmoja arudi shambani kwake.

Herman, lala kwa amani, safari hii umechoka kweli.