Mma Sanatu, Sauti ya Neesim kwa Miaka Thelathini na Mitatu

Tarehe 31 Machi, Mma (yaani Mama) Sanatu Wumbei anafunga droo ya meza yake katika hospitali yetu ya hisani ya macho, Neesim, hapa Tamale, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mitatu. Ametimiza sitini, na sheria ni sheria. Mkurugenzi wetu, Dakta Wunnam, amenipa mimi kazi ya kuandika habari zake. Alipoulizwa kwa nini mimi, alisema nilimkorofisha huyu mama kuliko mfanyakazi mwingine yeyote, kwa hiyo lazima nitakuwa namjua vizuri.

Aliajiriwa mwaka 1993 kama mpiga mbiu. Neesim ilikuwa vyumba viwili, daktari mmoja na pikipiki moja. Sanatu alipanda nyuma ya pikipiki na kipaza sauti cha mkononi, akazunguka Savelugu, Kumbungu na Tolon siku za soko, akiwatangazia watu kwamba mtoto wa jicho anatibika. Neno upasuaji hakulitumia. Alisema daktari anafagia jicho. Wauza kanga walimlalamikia kwamba makelele yake yanawafanya ndege wao wasitage. Aliwajibu kwamba anawaonea huruma, maana kanga wao ni waoga kuliko wagonjwa wake. Betri zikiisha aliendelea kwa mdomo mtupu, na waliokuwapo wanasema tofauti haikuwa kubwa.

Mimi nilitoka Accra mwaka 2016 kuja kuanzisha kitengo cha mawasiliano. Simu zilikuwa zimeshafika kila kijiji, na Mma Sanatu akawekwa chini yangu, yeye aliyeanza kazi wakati mimi natambaa. Hakununa hata siku moja. Asubuhi ya kwanza alikuja na koko, ule uji wetu wa uwele, na maandazi ya kunde, akaketi, akaniambia nimfundishe hiyo mitandao polepole kwa kuwa hana mpango wa kuikimbia. Video yake ya kwanza ilikuwa ya dakika tisa. Dakika nne zilionyesha kidole chake. Zilizobaki zilionyesha jogoo wa jirani, ambaye kwa kweli alijitokeza vizuri.

Mwaka uliofuata mashine yetu kuu ya upasuaji iliharibika kabisa. Watu mia tatu walikuwa kwenye orodha ya kusubiri, na mvua zikianza, barabara nyingi za huku hazipitiki. Tulikuwa na wiki tano za kuchangisha mashine mpya kupitia mtandaoni. Nikatengeneza video ya bibi mmoja wa kijijini, Mma Lahiba, aliyekuwa haoni kwa miaka sita. Nilimpiga picha akipapasa ukuta, akimwaga maji, nzi wakimtembelea usoni. Nikaweka muziki wa huzuni. Ilisambaa kuliko kitu chochote tulichowahi kurusha. Watu wa Kumasi, Hamburg na Toronto walilia na kuchanga. Mma Lahiba mwenyewe tulimfanyia upasuaji kwa mashine tuliyoazimwa siku moja, akaona. Mimi nilijiona nimefika.

Zikiwa zimebaki siku kumi na moja, Mma Sanatu alikwenda kumjulia hali Mma Lahiba. Alimkuta amejifungia ndani. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha video ile. Sokoni watoto walimwita bibi wa nzi, na mwanawe aliyeko Kumasi alipiga simu akiuliza kama nyumbani hakuna hata wa kumnawisha mama. Mma Lahiba alimwambia mgeni wake maneno ambayo wote wa Neesim tunayajua leo:

"Macho mmenirudishia, mwanangu. Lakini uso wangu mmeuchukua."

Mma Sanatu alirudi, akaingia moja kwa moja kwenye kikao, akaomba video iondolewe siku ile ile. Niseme ukweli: nilimpinga. Nilimweleza kwamba bibi alikuwa ameridhia, kidole gumba chake kipo kwenye fomu. Akaniuliza kwa upole kama mtu asiyeona anaweza kuridhia picha. Dakta Wunnam alisema kwa uchungu kwamba tukiiondoa, watu mia tatu watasubiri mwaka mzima, na baadhi yao hawana mwaka.

"Basi nitakwenda kuwaambia mwenyewe, nyumba kwa nyumba," alisema Mma Sanatu. "Lakini huyu mama hatatembea amefunika uso kwa ajili yao. Nao wakijua, hawatataka."

Dakta akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikatoka nje nikalia, zaidi kwa hasira kuliko kwa toba. Toba ilikuja baadaye.

Kesho yake Mma Sanatu alinichukua kwenda kuomba radhi. Nilipiga magoti. Mma Lahiba aliniacha hapo kwa muda, kisha akaniambia niinuke, nimezuia mlango. Mma Sanatu akamuuliza, kama angekuwa yeye mwenye simu, angependa watu wamwone akifanya nini. Bibi akafikiri. Akavaa kitambaa chake kizuri, akaketi uani, akaanza kuchambua kokwa zake za shea, za kukamulia mafuta, nzuri huku, mbovu kule, kwa vidole vya haraka. Mma Sanatu ndiye aliyeshika simu, kidole pembeni safari hii. Mume wa bibi, Baba Alidu, ambaye tangu mkewe aone hakuwa amevua kofia, akapita nayo mkononi. Mma Lahiba akamwangalia juu mpaka chini.

"Kumbe umezeeka hivi? Na miaka yote unaniambia huna hata mvi moja."

"Ulikuwa huoni," alisema mzee. "Nani angenisuta?"

Bibi alicheka mpaka kokwa zikamwagika. Tulimpa simu aitazame video hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliitazama mara tatu, akasema turushe, lakini kwanza imfikie mwanawe Kumasi.

Sekunde arobaini na nne tu, bila muziki. Ilikwenda mbali kuliko ile ya nzi. Wenzetu walioko ughaibuni waliitumiana wakiulizana mvi zao zikoje, na wakachanga. Siku ya tisa tangu irushwe, mashine ilikuwa imepatikana. Jambo ambalo hatukulitegemea lilitokea Savelugu: kambi ya macho ambayo huvuta watu arobaini ilipata mia mbili na kumi na moja. Walikuwa wameogopa kisu miaka yote, na sasa walikuwa wamemwona mwenzao akicheka baada ya kisu hicho. Wazee wawili walikuja wakisema wanataka kukagua wake zao.

Tangu hapo hakuna video ya Neesim inayotoka kabla mwenye sura hajaiona na kusema ndiyo. Ikiwa bado haoni, tunasubiri aone. Mashirika manne ya kanda hii yamemwita Mma Sanatu kuwafundisha utaratibu huo, na katika miaka minane ya video zake wagonjwa waliojileta wenyewe wameongezeka mara tano. Kidole chake hutokea bado mara moja moja. Wafuasi wetu hukishangilia.

Mwaka jana jicho lake la kushoto likapata ukungu. Yeye aliyewashawishi maelfu aliahirisha upasuaji mara tatu, mara ya mwisho akisingizia msiba wa mtu ambaye tulikutana naye sokoni. Tulipomfikisha, alimshika muuguzi mkono mpaka mwisho. Bandeji ilipotolewa nilikuwa nimesimama na simu, na nilipata kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupiga. Nikampa aitazame.

"Hii hapana, binti yangu," alisema.

Nikaifuta. Sikulia.

Sasa anarudi Kumbungu kwa bustani yake ya bamia na kwa wajukuu saba. Mma Sanatu, kwa sauti yako, kwa subira yako, na kwa hapana yako, Neesim yote inakushukuru. Tunakuombea afya, mavuno mema na asubuhi zisizo na haraka. Nenda salama, mama yetu, ukaone mengi.

Eyram Agbeko
Kitengo cha Mawasiliano