Tangi la Nne Halina Chaki

Mgeni rasmi, msimamizi wa bandari, wazamiaji na majirani zetu wote:

Karibu
Sisi wasafishaji wa meli chakavu tunakukaribisha kwa mikono miwili, japo ina grisi. Umekuja kubonyeza kitufe ili meli hii iliyotelekezwa izame na kuwa makazi ya samaki. Tumeingoja siku hii kwa hamu.

Tulikotoka
Meli ya kwanza ilizamishwa haraka haraka, mafuta yakiwa ndani. Ufukwe ulinuka mwaka mzima. Kisha mzamiaji mmoja akaingia humo, mlango ukajifunga nyuma yake. Alikuwa kaka wa dada huyu anayekusomea risala hii. Baada ya kumzika tukaunda kikundi.

Tulichofanya
Kwa miezi saba tumekomba mafuta, tumetoa nyaya na kung'oa milango yote. Chumba kikiwa safi, aliyekisafisha huweka alama ya chaki ukutani. Mwenzake hukikagua, akaweka ya pili. Mama anayetupikia alisema jiko la meli linang'aa kuliko lake. Tukamwambia hiyo si sifa kubwa.

Changamoto
Tangi la nne halina chaki hata moja. Wiki iliyopita fundi wetu aliingia humo, hewa mbaya ikamwangusha, tukamvuta kwa kamba. Ndiye yule wa shati jeupe, anayecheka. Tuliporipoti tuliambiwa tarehe imeshapangwa, nasi tukanyamaza. Tulikosea, na tunaona aibu.

Lakini leo uliposhuka garini uliuliza, "Imekaguliwa yote hii?" Ukajibiwa, "Yote, mheshimiwa." Sisi tukatazamana. Katibu wetu akachomoa kalamu na kuongeza habari za tangi hili na maneno haya: si yote.

Maombi
Tunaomba vipima hewa viwili, feni ya kupuliza hewa safi tangini, na siku kumi. Tunaomba pia leo usibonyeze kitufe. Chai ipo, viti vipo, na meli haina pa kwenda.

Zawadi yetu kwako ni kipande hiki cha chaki. Tangi likiwa safi, alama ya kwanza ataiweka fundi wa shati jeupe. Ya pili tumekuachia wewe.

Mungu akujalie afya, na awarudishe salama nyumbani wote watakaopiga mbizi humo.

Ni sisi,
Kikundi cha Wasafishaji Meli, Chaki Mbili