Dawa ya Viatu kwenye Pijo Nyeusi

SHAIBU: Haloo! Duka la Arvind hapa, Mtaa wa Swahili. Nani mwenzangu?

ISIDORI: Haloo? Haloo! Naomba kuongea na Mzee Shaibu. Yule anayesafisha magari hapo uani.

SHAIBU: Ndiye mimi. Arvind yuko na wateja. Taja jina, simu yako inakwaruza.

ISIDORI: Shikamoo, mzee.

SHAIBU: Marahaba. Jina.

ISIDORI: Isidori.

SHAIBU: Isidori yupi?

ISIDORI: Wa shirika, mzee. Dereva.

SHAIBU: Ahaa. Dereva wa Land Rover.

ISIDORI: Siku hizi niko kwenye Pijo. Ile nyeusi ya Mkurugenzi. Tangu wewe... tangu ulivyoondoka.

SHAIBU: Mimi sikuondoka. Mtu anayeondoka huaga wenzake. Mimi nilisindikizwa na askari wa geti kama nimekamatwa na kuku wa watu. Basi hongera kwa Pijo. Kwaheri.

ISIDORI: Usikate! Mzee, nakuomba, usikate! Napiga kwenye kibanda hapa Mnazi Mmoja, nimetoroka kazini dakika kumi tu. Nina shida.

SHAIBU: Una shida, una Pijo. Mimi nina ndoo. Sema.

ISIDORI: Ni kuhusu rangi.

SHAIBU: Rangi ya nini?

ISIDORI: Ya gari. Unajua pale tunapoegesha, chini ya ule mti, kunguru—

SHAIBU: Nyie bado mnaegesha chini ya ule mti?

ISIDORI: Kuna kivuli, mzee.

SHAIBU: Kuna kivuli na kuna kunguru mia mbili! Miaka sita nimeendesha gari lile, hata siku moja sikuliweka pale. Niliona heri lipigwe jua kwa ukuta, nilifunike turubai. Haya, kunguru wamefanya nini?

ISIDORI: Wamechafua boneti. Ijumaa. Na mimi nikalikuta Jumatatu—

SHAIBU: Jumatatu!

ISIDORI: Ilikuwa wikendi, mzee.

SHAIBU: Kinyesi cha kunguru hakina wikendi. Kinakula rangi kama tindikali. Kile unakiwekea kitambaa kibichi hapo hapo, kinalainika, unakiondoa taratibu bila kusugua. Siku tatu! Halafu ukafanya nini? Usinifiche.

ISIDORI: Nikasugua.

SHAIBU: Kwa nini?

ISIDORI: Si kwa sababu kilikuwa kimekauka—

SHAIBU: Nakuuliza kwa kitu gani, Isidori. Umesugua kwa kitu gani?

ISIDORI: [anakohoa] Kwa ule unga wa kusugulia masufuria. Na kile kiwaya chake.

SHAIBU: [kimya]

ISIDORI: Haloo? Mzee? Upo?

SHAIBU: Nipo. Nimekaa chini kwanza. Saa ngapi ulisugua?

ISIDORI: Saa saba hivi. Mchana.

SHAIBU: Saa saba mchana, bati linaweza kukaanga yai, unalisugua kwa waya wa masufuria. Kwani ile Pijo mliipikia ugali?

ISIDORI: Sikujua, mzee.

SHAIBU: Hukujua! Leseni unayo, kofia wamekupa, hukujua! Wewe uliwahi kuniona nalisafisha mchana? Nilikuwa nafika saa kumi na moja na nusu alfajiri, bati bado la baridi. Maji matupu kwanza, mchanga wote ushuke. Ndipo sabuni kidogo, kuanzia paani kwenda chini. Ndoo mbili, ya sabuni na ya kusuuzia kitambaa. Nyie vijana mlikuwa mnapita pale mnacheka. "Mzee Shaibu anamwogesha bibi harusi." Ulisema wewe.

ISIDORI: Ulikuwa utani.

SHAIBU: Najua ulikuwa utani. Na mimi nilicheka. Endelea, boneti ikoje sasa?

ISIDORI: Ina ukungu. Kama kioo kilichopumuliwa. Na mikwaruzo ya duara duara. Na pale kwenye kona ya kulia... pana kijivu.

SHAIBU: Kijivu kiasi gani?

ISIDORI: Kama kiganja.

SHAIBU: Basi hapo huna rangi tena. Hicho kijivu ndicho rangi ya chini, umefika kwenye mfupa. Na usiniambie kwamba hayo ndiyo yote, maana nasikia sauti yako. Mtu mwenye kijivu tu hatoroki kazini.

ISIDORI: Nilitafuta njia ya kukificha.

SHAIBU: Ukakificha na nini?

ISIDORI: Gari si jeusi, mzee? Basi nikaona... nikapaka dawa ya viatu.

SHAIBU: Rudia.

ISIDORI: Dawa ya viatu. Nyeusi. Boneti nzima, na mlango wa nyuma, ili ifanane. Iling'aa! Wallahi iling'aa kuliko siku zote. Hata mlinzi alisifu.

SHAIBU: Mtume! Arvind! Arvind, njoo usikie... Hapana, usije, utakufa na mimi sina mahali pengine pa kulala. Gari la shirika limepakwa dawa ya viatu! Ungelifunga na kamba basi, ulivae miguuni!

ISIDORI: Cheka tu, mzee. Leo asubuhi Mkurugenzi, ndugu Gaudens, ametoka, kavaa suti yake ile ya kijivu, ya mikono mifupi. Kaegemea mlango anasoma karatasi za mgeni. Jua limeshapanda—

SHAIBU: Usiseme.

ISIDORI: Mgongo mzima. Na makalio. Karani Evarista ndiye aliyemwambia, na huku anajizuia kucheka.

SHAIBU: [anacheka muda mrefu] Mkurugenzi amepigwa brashi! Akasema nini?

ISIDORI: Alikwenda nyumbani kubadilisha, kwa miguu, hakutaka kupanda. Aliporudi akaniambia, "Isidori, mgeni kutoka Bulgaria anatua saa kumi. Saa nane nataka gari langu kama alivyokuwa akiliacha Shaibu. Likishindikana, usiwepo hapa kesho." Ndiyo maana nimepiga. Mzee, nifanyeje? Niambie tu dawa yake. Saa hizi saa nne na robo.

SHAIBU: Kumbe anakumbuka jina langu.

ISIDORI: Kila siku analitaja.

SHAIBU: Alilikumbuka vizuri pia siku ile ya kikao? Haya. Liondoe juani. Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, yaondoe hiyo dawa ya viatu, kidogo kidogo, usilowanishe. Halafu osha na maji na sabuni. Kaushia pamba safi. Hiyo kona ya kijivu usiiguse, usiipake nta ya kung'arishia hata chembe, maana rangi haishiki juu ya nta, na fundi wa rangi, Melkiori, atakuja kukulaani. Kona hiyo itaonekana, na iachwe ionekane. Palipobaki ndipo pa kufanyia kazi. Nta unayo?

ISIDORI: Ninayo.

SHAIBU: Umeipata wapi? Mji mzima hauna. Arvind mwenyewe tangu Desemba hajaona kopo.

ISIDORI: Ninayo ile ya ofisi. Ile nyekundu, ya kufungulia kwa pembeni. Imekauka kidogo lakini bado—

[laini inakwaruza]

ISIDORI: Haloo? Mzee Shaibu?

SHAIBU: Kopo jekundu.

ISIDORI: Mzee, ngoja—

SHAIBU: Lenye namba ya stoo chini yake, kwa rangi nyeupe.

ISIDORI: Ngoja nikueleze—

SHAIBU: Ile niliyoiba mimi.

ISIDORI: [kimya]

SHAIBU: Jibu. Mbona dawa ya viatu ulikuwa unaieleza vizuri?

ISIDORI: Haya, ngoja ndugu, namaliza sasa hivi!... Samahani, kuna mtu hapa nje anagonga kioo. Mzee, nililichukua mara moja tu. Nilitaka kupaka milango ya Land Rover, nikalisahau chini ya kiti.

SHAIBU: Stoo ikahesabiwa.

ISIDORI: Ikahesabiwa Alhamisi ile.

SHAIBU: Wakapekua. Kwenye kikapu changu wakakuta kopo. Nikawaambia hili langu, nimelinunua kwa Arvind, halina namba, geuzeni mwone. Kwenye kikao mwenyekiti wa kamati akasema namba hufutika. Akasema mimi ni kupe kwenye mgongo wa umma. Mimi! Wakauliza, nani hapa anajua makopo ya gari? Nani alinyoosha mkono?

ISIDORI: Mzee, palikuwa na watu wengi, nilio—

SHAIBU: Nani alinyoosha mkono, Isidori?

ISIDORI: Mimi.

SHAIBU: Ukasema nini?

ISIDORI: Nikasema yanafanana.

SHAIBU: Ulisema, "Hilo ndilo." Usipunguze. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, nilikuwa naangalia viatu vyako. Nikasema moyoni, huyu amekosea, kijana wa watu, hajui nta. Miezi minne najiambia amekosea! Nakutetea kwa watu! Sadalla wa bandarini aliniambia, "Yule alifanya kusudi," nikagombana naye, mpaka leo hatusalimiani. Kumbe kopo ulikuwa umelikalia.

ISIDORI: Niliogopa. Ningesema liko kwangu, ningefukuzwa mimi.

SHAIBU: Na baadaye? Kikao kilipokwisha? Siku ya pili? Mwezi wa pili?

ISIDORI: [kwa sauti ndogo] Walikuwa wameshanipa funguo za Pijo.

SHAIBU: Nakushukuru. Hilo ndilo neno la kwanza la kweli tangu umetia sarafu yako. Uliitaka Pijo. Umeipata, umeichubua mpaka mfupa. Mimi nikapewa siku saba kuhama nyumba ya shirika. Mama Somoe alikaa wiki mbili hapa stoo kwa Arvind, tunalala katikati ya matairi. Halafu akaniambia, "Mume wangu, mimi nakujua, ila kila nikienda bombani wanawake wananyamaza." Akapanda basi, akarudi Lindi. Hajaja mpaka leo.

ISIDORI: Sikujua kama mama amekwenda.

SHAIBU: Hukujua unga wa masufuria, hukujua nta, hukujua mke wangu. Unajua kitu gani wewe, zaidi ya kunyoosha mkono?

ISIDORI: Mzee, mke wangu Sophia ana mimba ya miezi minane. Nikifukuzwa sasa—

SHAIBU: Usimtie Sophia kwenye simu hii. Sophia hakuiba kopo.

ISIDORI: Basi niambie unataka nini. Nifanye nini? Niko tayari. Njoo tu ulitengeneze gari, nitakuingiza kwa mlango wa nyuma, hakuna atakayekuona. Ukimaliza—

SHAIBU: Mlango wa nyuma! Isidori, unasikia unachosema? Nije kwa siri kuficha uchafu wako, kwa nta niliyofukuziwa?

ISIDORI: Sikuwa na maana hiyo.

SHAIBU: Huna maana yoyote, ndilo tatizo lako. Sikiliza. Lile gari halijanikosea. Nimeishi nalo miaka sita, kila mkwaruzo wake naujua ulipatikana barabara gani. Likienda uwanja wa ndege na madoa ya kiwaya, aibu nitaiona mimi, si wewe. Kwa hiyo nitakuja. Kwa geti la mbele. Kwa miguu, saa hizi, kutoka hapa Mtaa wa Swahili. Nusu saa.

ISIDORI: Mungu akubariki, mze—

SHAIBU: Nyamaza, sijamaliza. Katika nusu saa hiyo, wewe unachukua kopo. Unapanda ngazi. Unaliweka kwenye meza ya Gaudens, namba ikitazama juu. Unamwambia lilikuwa wapi. Evarista awepo, aandike. Na barua iende kwa kamati ile ile.

ISIDORI: Atanifukuza.

SHAIBU: Pengine. Pengine atakurudisha kwenye Land Rover. Hilo ni la kwake.

ISIDORI: Mzee... nitaanzaje kumwambia? Yaani nitasema neno gani?

SHAIBU: Anza kwangu, ujifunze. Sema.

ISIDORI: Kopo... kopo lilikuwa kwangu.

SHAIBU: Simu inakwaruza, sisikii.

ISIDORI: Kopo lilikuwa kwangu! Mzee Shaibu hakuiba! Nilijua, nikanyamaza! [anapumua] Umesikia?

SHAIBU: Nimesikia.

ISIDORI: Sarafu yangu ya mwisho hii, inalia. Mzee, ukifika ukakuta sijasema?

SHAIBU: Nageuza pale pale getini, na wewe baki na kiwaya chako.

ISIDORI: Na ukikuta nimesema?

SHAIBU: Nitalifanyia kazi gari mpaka saa nane. Wewe nitakupita kama nguzo ya umeme.

ISIDORI: Sawa. Nipite tu, mzee. Nipite. Ila njoo, mimi napanda ngazi sasa hi—

[Simu inakatika.]

SHAIBU: Haloo? [anaweka simu] Arvind! Nipe ile pamba safi, na funga stoo mwenyewe leo. Na kama Sadalla atapita hapa, mwambie aningoje.